Nilikwenda kununua BMW 650i, nikarudi na hasira

Niseme mapema kwamba gari lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na kijana mmoja wa yadi, hapa hapa Dar, aliyepenyeza mkono dirishani na kuzima injini mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva.

Gari ni BMW 650i ya mwaka 2007, ile ya milango miwili, bluu iliyokolea, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Najua mtauliza mtu mzima kama mimi anatafuta nini humo. Natafuta Iringa. Miaka mingi najiona naondoka mjini alfajiri, Chalinze naipita jua halijakuwa kali, Mikumi nakwenda taratibu kwa sababu ya wanyama na faini zao, kisha napanda Kitonga na silinda nane zikinguruma chini kwa chini. Matuta nayajua, vibao vya 50 navijua, askari mwenye tochi nyuma ya mwembe namjua. Hamu haijali hayo.

Tangazo lilisema milioni 38, bei ya maelewano, mmiliki anasafiri. (Mji huu kila mwenye gari zuri anasafiri. Sijui huwa wanakwenda wapi wote.) Nilipofika yadi, 38 imegeuka 46. Nikauliza imepandaje kutoka kwenye simu hadi hapa getini. Nikajibiwa, "Namba E hiyo mzee wangu, mpya kabisa."

Mpya! Gari la 2007! Herufi ya kwenye kibao inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikwambii lilitengenezwa lini, wala lilikuwa linafanya nini huko Japani miaka yote hiyo kabla ya kupakiwa melini. Lakini ndivyo tunavyouziana. Namba D inashushwa bei hata kama imetunzwa kama yai, namba E inapandishwa hata kama inavuja kila upande. Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani, ile yenye gredi na mchoro wa mikwaruzo. "Iko kwa bosi." Nikaomba nipige picha namba ya chesisi nikaangalie gari lilitoka kiwandani na vitu gani. Hiyo nayo, kwa bosi.

Basi akaanza kunieleza kodi, kama vile mimi nimeshuka Ubungo jana. Kodi naijua, nilishakaa na kikokotoo cha TRA usiku mzima. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu injini inazidi cc 2000. Asilimia 30 nyingine ya uchakavu kwa kuwa gari limepita miaka 10. Juu ya yote hayo VAT asilimia 18, na inapigwa kwenye jumla, si kwenye bei uliyonunulia. Ukimaliza, kodi imeizidi thamani ya gari, tena thamani wanayoiona TRA wenyewe, si ile ya risiti yako. Kwa hiyo naelewa muuzaji anapolia. Ila kodi aliyolipa yeye bandarini haijaongeza hata tone la oili kwenye hiyo injini. Mimi nikiharibikiwa Ruaha Mbuyuni siwezi kumwambia fundi achomoe kipande cha ushuru wa forodha akifunge kwenye rejeta. Gari jipya la aina hii lilikuwa la tajiri. Likichakaa bei inashuka hadi kwa watu kama sisi, lakini vipuri vyake vimebaki na bei ya tajiri yule yule. Hesabu ni hapo, na hapo ndipo kijana hakutaka tufike.

Maana injini hii ya V8, waliyoiita N62, ina jambo lake ambalo kila fundi wa BMW mwenye mikono michafu analijua. Sili za valvu ni za mpira, joto la miaka linazikausha, oili inaanza kupenya kidogo kidogo kwenye silinda gari likiwa limesimama linaunguruma. Ukiliwasha ukazunguka nalo mtaani huoni kitu. Uliache limesimama dakika kumi, kumi na tano, halafu ukanyage mafuta: kama sili zimekwisha, nyuma linatoka wingu la bluu. Kuzibadilisha ni kazi ndefu yenye vifaa vyake maalumu, na si kila gereji inayo. Kwa hiyo mtu anayenunua gari hili bila kuliacha liungurume ni sawa na anayeoa kwa picha.

Nikamwambia kwa adabu, "Kijana wangu, naomba tuliwashe, tuliache kidogo, tuongee." Kwanza nilikuta boneti ni ya moto. Limeshatembezwa kabla sijafika, na mtu anayetaka kusikia injini ikiamka baridi ameshakoseshwa. Nikanyamaza. Likawaka, na sauti ile, jamani, sauti ile! Hatujamaliza hata kuongelea matairi, mkono huu hapa, ufunguo umezungushwa, kimya.

"Linakula mafuta, mzee."

Nikamwambia mafuta nalipia. Akanitazama kandambili zangu, akatazama bajaji iliyonileta bado inageuza pale nje, akasema, "Hii si gari ya kujaribia. Ni ya mtu aliyejipanga." Mbele ya walinzi. Ile "mzee wangu" ya mwanzoni ilishapotea njiani.

Niliondoka bila kuaga, na kwetu mtu haondoki hivyo. Nyumbani nikaapa: yadi ile hata wagawe bure sirudi, na ninyi msiende. Mteja akitaka kusikia injini ndiyo kwanza ujue huyo ana pesa, asiye na pesa anapiga picha na usukani anaondoka.

Juzi dalali kanipigia. Sasa wamefika 40, mmiliki bado anasafiri. Nikamwuliza kuhusu kuliwasha. Akasema, "Njoo tu kaka, ila usiliwashe sana."

Nimekasirika upya. Nimekasirika pia kwa sababu nilishamwambia fundi wangu ajiandae. Kwa haki kabisa, bodi lile limenyooka, milango inafunga kwa sauti nzito, na magari ya namna hii yenye usukani kulia hayajazagaa mjini kama IST. Huenda sili ni nzima na kijana ni mshenzi tu. Wapo.

Milioni 33, injini iungurume mpaka nichoke mimi, mafuta nije nayo kwenye dumu langu. Hapo nalichukua. Hata 34. Haya, 35, ila siku hiyo yule kijana apewe likizo.