TAHADHARI kwa wanaotafuta gitaa la umeme: ukisikia "hiyo ni kastomu bosi" shika hela yako

Wadau habari za jioni. Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo nikikosea herufi mtanisamehe. Kuna jamaa anauza magitaa ya umeme mtandaoni, yuko Dar, anajitangaza kwamba anakupatia gitaa lako la kwanza la maana na anakufanyia kastomu (sio ya bandarini) unavyotaka mwenyewe, rangi, pikapu (kile kidude kinachonasa sauti ya nyuzi), fingabodi (ubao wa shingo unapobonyezea nyuzi), mpaka jina lako. Mimi nimepigwa milioni moja laki nane na nusu. Jina lake silitaji, kesi iko polisi na kurasa zenyewe anabadilisha kama soksi, ila namna anavyocheza nitawaeleza ukikutana naye au mwenzake umjue.

Mimi niko Moro, napiga gitaa kanisani mwaka wa sita huu na wikiendi tuna kibendi chetu cha maharusi. Miaka yote hiyo natumia gitaa la kuazima, shingo imepinda kama upinde, ukivuka freti ya tano (vile vijichuma vilivyokatiza shingo) kila uzi unaimba wimbo wake. Mjomba wangu aliyemwona mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe kwa macho enzi za bendi ya Moro Jazz huwa ananiambia mkono unao mwanangu ila gitaa huna. Basi nikajichanga mwaka mzima na zaidi.

Nikaona picha kwake, Les Paul, aina ya gitaa la kampuni ya Gibson, used, anasema ya 2008 kutoka Marekani, 1,850,000 pamoja na kastomu yote. Hapo tu ningetakiwa nishtuke maana Les Paul Standard ya Marekani ikiwa mpya inapita dola 2,000 na used nzuri haiporomoki hivyo, sasa huyu wa Dar yeye anapata wapi faida na bado anapiga rangi na kubadilisha mbao? Lakini tamaa bwana, nikajiambia labda mwenye nayo ana shida.

Tukaanza kupanga kwenye simu, na niseme ukweli jamaa anajua kuongea. Nikamwambia nataka nyeusi tupu mpaka kichwani kwa nyuma, akasema hamna shida. Akanishauri mwenyewe fingabodi ya zamani itolewe aweke mpingo, "mpingo wa Lindi bosi wangu, wazungu wanaugombania kutengenezea klarineti", na hilo la klarineti ni kweli kabisa, ndio maana nikazidi kumwamini, tapeli mzuri hasemi uongo mtupu. Upande wa pikapu nilikuwa na yangu, shemeji anayeishi Ujerumani aliniletea Seymour Duncan JB, nikaituma kwa basi aifunge upande wa brigi (pale nyuzi zinapokalia chini kwenye bodi). Kianzio 1,200,000, iliyobaki kabla mzigo haujapakiwa. Nikalipa. Wiki mbili alizoniahidi zikawa saba, mara fundi mgonjwa, mara rangi haijakauka sababu ya unyevu.

Nikalipokea stendi ya Msamvu usiku. Jamani lilikuwa zuri! Linang'aa mpaka unajiona. Jumapili nimeliwasha pale mbele kwaya wote wamegeuka.

Siku ya nne nikachukua kitambaa na mafuta kidogo nisafishe fingabodi, kitambaa kikatoka cheusi. Nikafuta tena, vidole vyote vyeusi kama nimeshika mkaa, na chini yake inaanza kuonekana mbao ya rangi ya maziwa ya chai. Mnavijua vile vinyago vya mti laini vinavyopakwa kiwi ya viatu halafu mtalii anauziwa kama mpingo? Ndio hicho nilichouziwa mimi, Mtanzania mwenye akili zangu timamu.

Nikampigia. "Hiyo ni kastomu bosi, mwanzoni rangi huwa inatoka kidogo." Nikamuuliza mbona kile kifuniko kidogo cha kichwani, kinachoziba tundu la chuma cha kunyooshea shingo, kina skrubu tatu wakati Gibson wanafunga mbili? "Kastomu." Mbona nyuma ya kichwa hakuna namba, Gibson si wanaigandamiza ndani ya mbao kabisa? "Si ulitaka nyeusi mpaka nyuma?" Na ni kweli nilitaka mwenyewe!! Hapo ndipo nikaelewa mchezo. Kastomu sio huduma anayokupa, ndio shuka anayofunikia. Gitaa feki likiachwa lilivyo mtu anaweza kulinganisha na picha za orijino akagundua, lakini ukishaagiza mwenyewe rangi ipigwe, mbao ibadilishwe, nembo ihamishwe, kila kasoro inakuwa umeiagiza wewe.

Nikalipeleka kwa fundi redio hapa mtaani, mzee mmoja hajui gitaa ila waya anazijua. Akafungua kifuniko cha nyuma, zile poti za volyumu ni vidogo vidogo kama vya redio ya mkulima, waya kama uzi wa kushonea. Akachomoa pikapu ya brigi. JB yangu ilikuwa na waya nne za rangi, nyeusi, kijani, nyekundu na nyeupe, pamoja na ule mtupu. Hii ina mbili tu. Akaweka mita kupima ukinzani wa waya, ikasoma kilo-omu 7 na ushee. JB inasoma 16 na kitu. Kwa hiyo hajaniuzia feki tu, ameniibia na ya kwangu. Na pale kwenye shimo la pikapu ambapo rangi haikufika vizuri mbao inaonekana ina matabaka kama plaiwudi ya kuzibia dari, wakati Les Paul inajulikana kwa mbao ya mahogani na mbao ya mepo juu yake.

Usiku nikarudi kwenye picha ya kwanza kabisa aliyonitumia, kabla ya rangi, nikaivuta. Namba ilikuwepo. Kwenye Gibson za miaka ile ya 2008 tarakimu ya kwanza na ya tano ndio mwaka, ya pili mpaka ya nne ni siku ya mwaka. Yangu ilianza 04028. Mwaka upo sawa, 08, ila siku ni ya 402. Nilikuwa na ushahidi kwenye simu wiki saba nzima nikihangaika na rangi! Nilipomtumia hiyo picha akasoma, tiki mbili za bluu, akaniblock.

Sasa kwa anayetafuta la kwanza, mimi nakushauri usianze na jina kubwa. Chukua Yamaha Pacifica 112, au Squier, au Epiphone ambayo kichwani imeandikwa Epiphone, hizo ni gitaa za kweli na hazijifanyi kitu kingine. Kastomu fanya baadaye, kitu kimoja kimoja, na ukae hapo hapo fundi anapofungua, usimwachie pikapu yako ukaenda kula. Siku ya kununua nenda kwa miguu yako, mimi Dar ni masaa machache tu nikaona uvivu. Beba bisibisi, muuzaji akikataa ufungue kifuniko cha nyuma ondoka. Weka jicho kwa urefu wa shingo kama fundi seremala anavyoangalia ubao. Piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi kidogo tu juu ya freti bila kubonyeza) halafu bonyeza freti hiyo hiyo, kwenye tyuna (kile kipima noti) zitoe noti moja, ikikosana kidogo inarekebishika kwenye brigi, ikikosana sana achana nalo. Na namba ipigie hesabu KABLA ya kutuma hela.

RB nimechukua, namba alizopokelea hela nimewapa polisi, tunasubiri. Gitaa lenyewe liko ukutani, mjomba kila akipita anacheka.

Ila kuna kitu naomba. JB yangu ni zebra, koili moja nyeusi nyingine krimu, na nyuma kwenye bati nilikwangua herufi K kwa sindano kabla sijaituma. Mtu akikuletea pikapu ya namna hiyo, popote pale, igeuze uangalie, ukiiona hiyo K nishtue inbox usiku au mchana.