Alfa Centauri ao Mizar, ya wapi njo muzuri?

Umeme ikikatika hapa Goma mwezi wa tano, kama saa ine ya usiku, angalia nyota pande mbili. Kusini juu ya ziwa kuko Alfa Centauri, inawaka kabisa, ni jirani yetu, mwangaza yake inatumia miaka 4 na kitu kutufikia, lakini na macho tu unaona nyota moja, kumbe ni mbili zinazungukana, muzunguko moja ni kama miaka 80, bila darubini mutabishana bure. Kaskazini upande wa Nyiragongo kuko Mizar na kale kadogo Alkor pembeni, ile unatenganisha na macho yako mwenyewe, kama moshi ya volkano haijaziba (juzi iliziba, mbu ndio walifaidi). Mimi nachagua Mizar, hata kama iko mbali, miaka 80 na kitu ya mwangaza.