"Wewe ni msikilizaji tu": uzoefu wangu na redio niliyoisikia tangu majaribio

Dada wa mapokezi hakunisalimia. Naanza na hilo kwa sababu ndipo moyo wangu ulipochafukia. Mimi ni mtu mzima, nimeingia na kikapu mkononi, jasho linanitiririka, nimepanda daladala mbili, na yeye macho yako kwenye simu. Shikamoo haikutoka. Ikabidi nianze mimi: "Habari za hapa, binti?" Akajibu "poa", uso haukuinuka.

Jina la redio silitaji. Ni redio ya muziki, ya biashara, ya hapahapa Dar es Salaam, na nimeisikiliza tangu kabla haijawa na mtangazaji hata mmoja.

Sikwenda kujipendekeza. Wenyewe walitangaza wiki nzima kwamba wanasherehekea miaka yao hewani, na msikilizaji mwenye kumbukumbu yoyote ailete. Mimi ni fundi cherehani, redio iko kwenye rafu ya vitambaa kutwa nzima. Na kumbukumbu ninazo: kaseti tatu za dakika 90, alizorekodi kaka yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kaka alikuwa anazungusha kitafutio taratibu akakuta muziki mahali ambapo jana yake palikuwa na mvumo mtupu. Wimbo baada ya wimbo, hakuna neno, hakuna tangazo. Kila baada ya muda inaingia sauti ya dada mmoja, anasema wako kwenye majaribio na anataja masafa. Kaka akachomeka kaseti, akabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, akatunyamazisha nyumba nzima. Ilipojaa akavunja vijino vyake vya juu kwa ncha ya kisu ili mtu asije akarekodi juu yake. Mpaka leo ukiishika unaona palipovunjwa.

Anayeshangaa kwa nini tuliirekodi redio ya majaribio, hakuishi miaka ile. Sisi tulikua na redio moja tu, ya serikali, Radio Tanzania Dar es Salaam. Ukitaka dansi, unasubiri saa ya dansi. Ukitaka kumsalimu shangazi Kigoma, unanunua kadi ya salamu, unajaza majina, unaandika ujumbe chini, unatuma, halafu unakaa wiki nyingi umetega sikio. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa redio za watu binafsi. Radio One ikaja 1994, Clouds FM ikaja 1999, na sauti ile ya FM, safi, haina mikwaruzo, ilitufanya tujione tumekaa ndani ya studio. Kila redio mpya iliyoingia mjini ilikuwa kama mgeni wa harusi. Lazima umtazame kavaa nini.

Basi nikamweleza yule binti kwamba nimeleta kaseti. "Kaseti?" Akaziangalia kama nimemwekea samaki mezani. "Hapa hatuna pa kuzipigia, mama. Weka hapo." Hapo penyewe ni chini, pembeni ya mtungi wa maji ya kunywa. Nikasema siziweki chini, nitasubiri mhusika. Nikasubiri kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri imeadhiniwa, hakuna aliyeniambia hata "mama, kaa".

Mwishowe akatoka kijana mmoja, nikaambiwa ni mkubwa wa vipindi. Nikamweleza kwa utulivu: hii ina siku zenu za kwanza kabisa, hii ina salamu, na hii ya tatu, upande wa pili, ina sauti ya marehemu kaka yangu, alipiga simu studio akajibu swali la bendi akashinda fulana. Akanisikiliza nusu, akatazama saa. "Mama'angu, historia ya redio yetu tunaijua wenyewe. Wewe ni msikilizaji tu."

Msikilizaji tu. Hayo matangazo ya sabuni na ya simu yanayowalipa mishahara, wenye sabuni wanamlipia nani? Wanalipia sikio langu mimi. Redio ya biashara haina kitu kingine cha kuuza. Antena wanayo, mitambo wanayo, lakini wakizima wasikilizaji wote leo, kesho hakuna tajiri atakayewapa hata senti. Nilirudi nyumbani nimeshikilia kikapu kwa mikono miwili, na ndani ya daladala nililia, sifichi.

Siku ya sherehe nikasikiliza, kwa hasira, lakini nikasikiliza. Saa mbili za historia! Wakasema sauti ya kwanza kusikika kwao ni ya mtangazaji wao yule maarufu. Si kweli. Ni ya yule dada wa majaribio, na ushahidi uko kwenye kabati langu. Hawakumtaja kabisa, kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Wakasema tena wao ndio waliowapa vijana wa muziki wa kizazi kipya nafasi ya kwanza hewani. Hapo niliweka mkasi chini. Radio One walikuwa wanaupiga muziki wa vijana tangu katikati ya miaka ya tisini. Taji Liundi alikuwa hewani, Mike Mhagama alikuwa hewani, na huyo Mhagama ndiye anayetajwa kuwa alilitia kwenye vinywa vya watu lile jina la Bongo Flava mwaka 1996. Wakati huo redio hii ninayoizungumzia haikuwa na hata nguzo ya antena.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Ile redio ya serikali tuliyoinung'unikia, hata hivyo ilirekodi na ilihifadhi. Bendi zilikwenda studio zake za Barabara ya Pugu, zikapiga, mikanda ikawekwa. Mwanamuziki wa dansi Marijani Rajab alifariki 1995 na bado tunamsikia. Hawa wenye kompyuta kila meza, siku zao za kwanza ziko kwa fundi cherehani, kwenye boksi la vifungo.

Nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, na kitafutio nakihamisha. Lakini haki ni haki. Mlinzi wa getini, aliyenipa shikamoo wakati wa kuingia na wa kutoka, ndiye aliyemweleza mtangazaji wao wa zilipendwa wa Jumapili usiku. Siku chache baadaye mtangazaji huyo alikuja mwenyewe kwenye kibanda changu, na redio kaseti ya kuazima kwapani. Akanisalimu vizuri, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Tukaanza na ile ya kwanza. Utepe ulikuwa umelegea, akaukaza kwa kalamu kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Sauti ya dada wa majaribio ilipoingia, mtu mzima yule akafunga macho. Alimjua. Akasema ndiye aliyemfundisha kukaa mbele ya kipaza sauti.

Halafu tukageuza ile ya tatu. Kaka yangu anacheka, mtangazaji anamuuliza anapigia wapi, anajibu kibanda cha simu, sarafu zinaisha. Ni sekunde chache tu. Tuliirudisha mara nne.

Kwa hiyo sijui niwape ngapi. Kwa mapokezi, sifuri. Kwa yule mkubwa wa vipindi, sifuri, na narudia, sifuri. Kwa mlinzi na kwa baba wa zilipendwa ningetoa zote tano bila kufikiri. Redio bado iko palepale kwenye rafu, sijahamisha kitafutio. Jumapili usiku nashona polepole ili cherehani isimfunike.

Ameomba nimpe kaseti akazinakili ofisini. Nimekataa. Aje na chombo chake anakilie hapa, mezani kwangu, chai nitapika.