Uzoefu wangu: raba ya mlango wa gari ndani ya PrePoMax na CalculiX, pamoja na mizani ya jikoni

Niseme mapema, mimi sio mtu wa kiwanda cha magari. Nimesoma mekanika, niko Dar, nafanya kazi gereji moja inayounda na kukarabati bodi za mabasi madogo, na kilichonipeleka kwenye hizi softiwea za kuhesabu kitu kinavyobonyea kikibanwa ni vumbi tu. Kuna mteja alileta basi lake, mlango ulishawahi kufungwa upya huko nyuma na watu wengine, akawa analalamika kwamba safari moja tu ya barabara ya vumbi siti zote zinakuwa rangi ya ugoro. Bosi akaenda Kariakoo akanunua raba nene, ikabandikwa, vumbi likaisha lakini mlango ukawa haufungi mpaka konda aupige bega. Tukarudisha raba nyembamba, mlango ukafunga vizuri, vumbi likarudi. Mara ya tatu bosi akanigeukia akasema wewe si umesoma bwana, hebu tupigie hesabu tujue raba ipi, maana hii ya kubahatisha inakula hela.

Chuoni niliwahi kushika Abaqus, softiwea nyingine ya namna hii, hiyo ndo watu wengi wa mambo ya raba wanaisifia na kweli ni nzuri, ila leseni yake sio ya gereji kama yetu. Ipo ile ya wanafunzi, ya bure, ina kikomo cha nodi 1000, yaani vipointi vya meshi, ule wavu unaogawa umbo vipande vipande, ambazo kwa kipande cha raba kilichokatwa upande zinatosha kabisa ukiwa mbahili wa meshi. Lakini ile ni ya kujifunzia na mimi hapa nina kazi ya mteja, kwa hiyo nikaiacha. Nikaangukia CalculiX, ya bure kabisa, imeandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, na feili lake la maelekezo linafanana sana na la Abaqus kiasi kwamba kama ulijifunzia kule hupotei. CalculiX yenyewe haina mvuto machoni, ni maandishi matupu, sasa juu yake unaweka PrePoMax ya Matej Borovinšek wa Maribor huko Slovenia, hiyo ndo inakupa madirisha na vitufe, inaingia kwenye Windows bila shida. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na haijawahi kulia.

Umbo la raba nililipata hivi. Nilikata kipande kwa wembe mpya, chembamba, nikaenda nacho steshenari, nikamwambia dogo wa pale niskanie hiki. Akaniangalia mara mbili. Nikaweka na rula pembeni ya raba ili nijue vipimo, akaskani, 500 yake akachukua. Ile picha nikaiingiza FreeCAD, nikaikuza mpaka milimita za rula zikalingana na milimita za programu, halafu nikachora juu yake: puto la juu kipenyo milimita 15, ukuta wa puto milimita 2, na chini ule mguu mgumu wenye bati ndani unaong'ata ukingo wa mlango. Nikaipa unene wa milimita 1, nikazuia pande zote mbili zisitanuke, kwa sababu raba ndefu ya mlango haina pa kukimbilia kwa urefu wake. Nguvu utakayopata zidisha mara 100, unapata ya sentimita 10. Hiyo ndo hesabu watu wa raba za milango wanayoitumia, nguvu kwa kila sentimita 10 dhidi ya kubonyea kwa milimita ngapi.

Sasa hapa ndo nilipopigwa. Nilikuwa nimelipia kozi fupi ya mtandaoni, siitaji jina, mwalimu anakwambia pima ugumu wa raba kwa kile kipimo cha Shore, weka kwenye fomula, pata moduli, yaani namba ya ukakamavu wa raba, maliza. Fomula yenyewe ipo kweli, ni ya Gent, na kwa raba ngumu ya Shore A 60 inakupa kama 3.6 MPa. Nikaiweka hiyo kwa raba yote, mguu na puto, nikabonyeza milimita 5, programu ikaniambia kilo 8 kwa sentimita 10. Kilo nane! Kwa mlango mzima hiyo ni zaidi ya kilo 300, huo mlango utafungwa na nani, winchi? Kumbe ule ugumu nilioupima ni wa mguu wa chini. Puto la juu ni raba hiyohiyo, aina inayoitwa EPDM, ila ni ya sponji, imejaa vitundu vya hewa ndani ya nyama yake, na sponji haibonyei kama raba nzima isiyo na vitundu. Raba nzima ukiibana huku inavimba kule, ujazo wake haupungui, sponji inapungua kweli. Ndo maana kwa sponji CalculiX ina amri yake, HYPERFOAM, na mambo ya Mooney-Rivlin na neo-Hooke, fomula za raba nzima, unayaacha kwa mguu wa chini.

Haya, namba za HYPERFOAM unazitoa wapi? Muuzaji wa Kariakoo hana karatasi ya maabara, ana mita ya kupimia urefu na mkasi. Nikachukua mizani ya kidijitali ya jikoni, ya mke wangu, inayopima mpaka kilo 5, nikaiweka chini ya drili ya stendi pale gereji, umeme umezimwa kabisa. Kwenye koleo la drili nikafunga bolti yenye kibao bapa, juu ya mizani nikalaza raba ya sentimita 10, nikawa nashusha wenzo milimita moja moja huku nasoma. Kabla ya hapo nilibonyeza mizani tupu kwa kipande cha mbao nione yenyewe inazama kiasi gani, maana nayo inabonyea kidogo na usipoitoa hiyo unaidhulumu raba.

Mara ya kwanza, kwa milimita 5, ikasoma kilo 1.4. Nikaachia nikarudia, 1.2. Mara ya tatu na ya nne 1.1, ikatulia hapo. Nilidhani mizani imeharibika, nikabadilisha betri, wapi. Ni raba yenyewe, ikibanwa mara ya kwanza inalegea na hairudi kuwa mpya, watu wa fani wanaita athari ya Mullins. Mlango wa basi unafungwa mara mia kwa siku, kwa hiyo namba ya kushika ni ile ya nne, ya kwanza achana nayo. Ukiishikilia pale pale pia inashuka taratibu, kwa hiyo hesabu sekunde zilezile kila mara kabla ya kusoma.

Kurudi kwenye programu nikaweka mu, ile namba ya HYPERFOAM inayobeba ukakamavu wa sponji, ya 0.2, ikanipa kilo 1.3. Na hapa kuna raha moja, zile namba nyingine ukiziacha kama zilivyo, nguvu inapanda sawasawa na mu, huna haja ya kujaribu mara ishirini, unagawanya tu: 1.1 kwa 1.3 mara 0.2, ikaja 0.17 hivi. Nikarun tena, mchoro wangu wa mizani na wa programu ukakaa karibu mmoja juu ya mwingine mpaka milimita 7. Aisee nilisimama.

Vitu vilivyonisumbua, na vyote ni mimi sio programu. Kwanza, kule mwanzo nilipotumia moduli ya Gent, nilisahau kuwasha NLGEOM, amri ya kuiambia programu ifuate umbo linavyobadilika sana, ikanipa mstari ulionyooka kama rula na puto likavimba vibaya kama katuni. Pili, mgusano kati ya raba na bati. Unatakiwa uweke ugumu wa mgusano, mimi nikaweka namba niliyoizoea kwenye chuma, milioni, hesabu ikawa inakata hatua inakata hatua mpaka inakata tamaa. Mwongozo wa CalculiX unashauri mara 5 hadi 50 ya moduli ya kitu kinachoguswa, na sponji yangu moduli yake ni kama 0.5 MPa, kwa hiyo 20 ilitosha kabisa, ikapita bila kukohoa. Tatu, nilipobonyeza mpaka milimita 12 nikaona ukuta wa juu wa puto umepita katikati ya ukuta wa chini kama jini. Programu haijui kwamba raba inaweza kujigusa yenyewe mpaka uiambie, nikachagua uso wa ndani wa juu na wa ndani wa chini nikawapa mgusano wao. Elementi, yaani vipande vya meshi, nilitumia aina ya C3D20R, mbili kwenye unene wa ukuta, hatua ya kwanza asilimia 2 ya safari. Chini ya dakika tano imemaliza.

Kilichonifundisha zaidi lakini ni hewa. Raba ile nene ya mwanzo programu ilisema ngumu, sawa, lakini konda alikuwa anaisema vibaya kuliko programu. Nikakumbuka ilivyofungwa: ncha mbili zimeunganishwa kwa gundi, mviringo umefungwa kabisa, na hakuna tundu hata moja. Nikarudi kwenye mizani, ile ile raba ya milimita 15, nikaziba ncha zake kwa silikoni, nikasubiri ikauke usiku kucha, kesho yake nikabonyeza milimita 5. Kutoka kilo 1.1 ikaruka kupita kilo 2 na nusu. Ni puto kweli sasa! Simulesheni yangu ilikuwa inachukulia hewa haipo. Ndo maana raba za magari toka kiwandani ukizikagua utaona vitundu vidogo vimepangwa kwa umbali fulani, mimi miaka yote nilidhani ni vya kutoa maji.

Sasa jibu la bosi. Fundi mkuu wetu, mzee wa siku nyingi, ana njia yake: anafungia kipande cha karatasi mlangoni halafu anakivuta, kikitoka kirahisi hapo hapabani. Tukazunguka mlango mzima kwa karatasi yake na udongo wa plastiki wa watoto wangu wa kupimia nafasi. Upande wa kitasa nafasi milimita 8, juu kwenye bawaba 14. Hapo raba ya 15 kule juu inabonyea milimita 1 tu, vumbi lazima lipite. Ya 20 inafika kote, lakini upande wa kitasa programu ilinipa kilo 3 na kitu kwa sentimita 10, na kwa mzunguko wa mita 4.2, kwa kuwa kwingine inabonyea kidogo, mlango mzima unasukumwa na kitu kama kilo 80, hapo hewa sijaihesabu. Yaani hakuna raba sahihi ya kununua pale. Mzee akasikiliza namba zote, akasema, "Injinia, si useme tu bawaba imelala." Bawaba ikanyanyuliwa, nafasi ikawa kati ya 9 na 10 na nusu, tukaweka ya 15, tukatoboa vitundu vya milimita 3. Hesabu inasema kilo 50 hivi kwa mlango mzima, konda anafunga kwa mkono mmoja.

Kwa nyota naipa nne kati ya tano. Ile moja naikata kwa sababu ya kona. Kwenye kona za mlango raba inakunjwa, puto linalala lenyewe kabla hata halijabanwa, na kile kipande changu cha milimita 1 hakioni hilo kabisa, inabidi uichore nzima, uikunje kwanza ndani ya programu ndo uibane. Nimejaribu mara mbili, laptopu imeshinda usiku kucha na haijafika hata nusu ya kukunja. Aliyewahi kufanikisha kona kwa CalculiX aniambie alianza na hatua ndogo kiasi gani, na mizani bado iko gereji, nyumbani sukari inapimwa kwa kikombe.