Wharram Percy: mahame ya kutembelea jua likiwa chini

Ukitaka kuta na minara, Wharram Percy, kijiji cha enzi za kati kilichohamwa huko Yorkshire, Uingereza, kitakuchosha bure. Kilichosimama ni gofu la kanisa la Mtakatifu Martin, lisilo na paa, na mnara wake ulioporomoka nusu mwaka 1959. Mengine yote yamo chini ya nyasi, na hayo ndiyo ya kuendea.

Kiingilio hakuna. Gari unaliacha kwenye maegesho karibu na kijiji jirani cha Wharram le Street, kisha unatembea kama kilomita 1.2 kwa njia mbovu yenye mteremko. Mvua ikinyesha ni utelezi mtupu, kwa hiyo vaa buti. Choo hakuna, na ng'ombe wanalisha humo humo. Kwa kiti cha magurudumu, hapafai kabisa.

Nenda asubuhi mapema au jioni, hasa majira ya baridi. Jua likiwa chini, kila tuta linatupa kivuli na ramani ya kijiji inajitokeza. Saa sita mchana nyasi zikiwa ndefu, utaona malisho tu.

Anzia uwandani, juu ya kanisa. Matuta membamba ni mipaka ya viwanja. Ndani yake tafuta umbo la mstatili lililozama kidogo, hiyo ndiyo nyumba ya mkulima. Kaskazini matuta yanapokuwa makubwa na mapana, umefika kwenye jumba la bwana mwenye ardhi.

Handaki la maji la kulizunguka jumba usilitafute. Miamba ya hapa ni chaki, nayo hunywa maji. Handaki kama hilo hudumu kwenye udongo wa mfinyanzi. Maji yako bondeni, kusini ya kanisa, na sehemu hii ndiyo bora kuliko zote. Bwawa lilijengwa kwa ajili ya kinu cha kusaga nafaka, baadaye likafugiwa samaki. La sasa limerejeshwa baada ya uchimbaji wa kiakiolojia. Simama juu ya tuta lake uone lilivyoziba bonde mahali pembamba: udongo kidogo, maji mengi. Adui wa tuta kama hili ni maji yanayopenya chini yake, yakibeba udongo chembe kwa chembe hadi libomoke.

Mwanahistoria Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst walichimba hapa majira ya joto hadi 1990, kazi iliyoanza 1950. Uchunguzi wa serikali wa 1517 uliandika kwamba Baron Hilton, bwana mwenye ardhi, aliacha nyumba nne zianguke. Kwa wenye ardhi, kufuga kondoo kulikuwa na faida kuliko kukaa na wakulima, ndiyo maana kijiji kikahamwa.

Tenga saa mbili, na bwawa usiliache kwa sababu ya uchovu.