Uzoefu wangu na mtambo wa mionzi ya urujuanimno (UV) wa kuua bakteria kwenye maziwa ya ndama: taa kuwaka si kipimo

Nyota nne. Mtambo unafanya kazi, ila mnunuzi ajue mapema kwamba taa ya kijani kwenye paneli inaonyesha umeme umefika, basi. Mionzi inayoua bakteria, ya urefu wa wimbi wa nanomita 254, haionekani kwa macho. Taa iliyochoka huendelea kutoa ule mwanga wa samawati huku makali yake yameisha, na kitambuzi kilichowekwa karibu nayo kinapima taa, hakipimi maziwa.

Maziwa hayapitishi mwanga kama maji. Mionzi haifiki hata milimita moja ndani yake, kwa hiyo lazima yapite kwa kasi na kujipindua ili kila tone liguse mwanga. Pampu ikilegea, maziwa yaliyo mbali na kioo kinachofunika taa hupita na bakteria wake wakiwa hai.

Kipimo cha fosfatasi, kimeng'enya cha asili cha maziwa mabichi, msikitegemee hapa. Kinafaa kwa maziwa yaliyopashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, maana joto hilo huharibu kimeng'enya hicho. Urujuanimno unaweza kuua bakteria na kukiacha kizima. Mimi naamini hesabu ya bakteria tu, kabla na baada, kwa maziwa yaleyale.

Koroga tangi, chukua mililita 50 kwa chupa iliyotakaswa. Mzunguko ukiisha, mwaga kidogo kwenye bomba la kutolea, kisha chukua 50 nyingine. Funga chupa kwa foili papo hapo, kwani bakteria waliojeruhiwa na mionzi hii huweza kujitibu wakipata mwanga wa kawaida. Weka kwenye barafu, zifike maabara siku hiyohiyo. Bakteria kutoka 1,000,000 hadi 10,000 kwa mililita ni kupungua mara mia.

Bakteria wakipungua mara tano tu, usikimbilie kuongeza muda. Fungua kwanza mrija wa kwazi, yaani kile kioo kinachofunika taa. Mara nyingi utakuta ukoga: juu utelezi wa mafuta na protini, chini yake tabaka jeupe la madini, gumu chini ya ukucha. Sabuni ya alkali hutoa ule utelezi. Tabaka jeupe linataka asidi. Vaa glovu, vidole huacha mafuta kwenye kioo.

Nyota moja nimeikata kwa sababu hakuna bomba la sampuli kabla ya taa. Na mabaki ya antibiotiki? Usiutegemee mtambo kuyaondoa, hata ukizungusha maziwa usiku kucha. Utapata harufu mbaya tu.