Taa za bustani za rimoti: taa nzuri, fundi wao simtaki tena getini kwangu

Nimekaa na hasira hizi muda, nikidhani zitapoa. Hazijapoa.

Taa nilinunua duka moja la mjini, zile za nguzo fupi za chuma, unaziwasha na kuzizima kwa rimoti umekaa zako barazani. Bei yao ufundi umo ndani, na hilo ndilo lililonivuta. Sisi tunakaa Chukwani. Ukiziwasha baada ya Isha, mlangilangi na asumini vinapendeza mpaka wapita njia wanasimama. Ingekuwa ni taa tu, leo ningeandika sifa nikaishia hapo.

Ila huyo fundi! Alikuja kijana, simu haimtoki sikioni, akachimba mtaro ambao kuku angeufukua kwa ukucha mmoja, akalaza waya, akafukia. Nikamuuliza, "Fundi, mbona waya hukuupitisha kwenye paipu?" Akanijibu, "Bi mkubwa, kazi hii naifanya tangu sijaota ndevu." Haya.

Jioni moja mpwa wangu anamwagilia maua, yuko pekupeku, ardhi imerowa chepechepe. Taa nimezizima kwa rimoti, mkono wangu mwenyewe. Akashika nguzo ya taa ajizuie asikanyage mirehani. Nikasikia ukelele tu. Alhamdulillahi shoti ilimrusha nyuma akaanguka chali. Angenatia pale, leo ningekuwa naandika habari nyengine kabisa. Nilikimbilia meni swichi, kanga imebaki njiani.

Nikampigia yule fundi. Mnajua kanijibu nini? "Rimoti si imezima? Umeme utoke wapi? Huyo kijana kagusa upupu." Upupu! Mtoto mkono unamtetemeka, hata kikombe cha maji hakishiki, naambiwa upupu. Nikapiga dukani, nako nikaambiwa wateja wote wanasifu, "ni wewe tu ndiye mwenye maneno."

Basi nikamtafuta mzee mmoja wa Bububu, fundi wa siku nyingi. Akanambia niwashe meni swichi, rimoti niiache imezima vilevile. Akafungua taa ya kwanza, akagusisha ncha ya testa, ile bisibisi ya kupimia umeme. Kile kijitaa ndani ya testa kikawaka, hafifu, rangi ya chungwa. Akakikinga jua kwa kiganja ili nikione vizuri. "Taa imezimwa, umeme upo," akasema.

Kumbe kiboksi cha rimoti, kile kinachopokea amri yake, kilifungwa kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya waya wa moto, ule unaouleta. Ukibonyeza kuzima, kinachokatwa ni njia ya kurudi tu. Moto wenyewe umebaki ndani ya taa unakungoja. Na hicho kiboksi kimeandikwa IP20, yaani hakina kinga ya maji hata ya tone moja, nacho kimepachikwa nje chini ya mwembe. Masika ya kwetu si mnayajua?

Akafukua kiungo cha waya. Utepe mweusi mtupu, gundi imeachia, shaba imeota kijani kwa chumvi. Waya wa ardhi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, wallahi, umekatwa ukakunjwa nyuma kama haumhusu mtu. Ungekuwa umefungwa, na ile breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30 ikawepo, unyevu ulipoanza kupitisha moto kwenye chuma umeme ungekatika wenyewe, kabla mtoto hajaifikia nguzo. Breka hiyo nayo haikuwepo.

Mzee alifanya upya. Mtaro karibu nusu mita, waya ndani ya paipu, viungo vyote vikatoka ardhini vikaingia kwenye maboksi yenye mpira wa kuzuia maji. Waya wa ardhi umefika kila nguzo, na breka ipo. Kiboksi cha rimoti kimehamia stoo, cha aina inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, na rimoti inashika vizuri tu kutoka barazani. Akaniusia kwamba rimoti ni ya kuwasha na kuzima mwanga tu. Mtu akitaka kuzigusa hizo taa, ashushe meni swichi kwanza.

Kwa hiyo nilitaka kusema: taa nunueni, ufundi tafuteni kwengine. Nyota tatu.

Lakini mzee wakati anakusanya vyombo akanambia kwamba angeulizwa yeye tangu mwanzo, bustani ya maji maji namna hii angetia taa za volti 12, transfoma ikae ndani ya nyumba, moto wa volti 230 usitoke nje kabisa. Na taa hizo za volti 12 nimeziona mimi kwa macho yangu pale pale dukani, shelfu ya juu! Niliwaambia kuna watoto, niliwaambia tunamwagilia kila jioni. Hakuna aliyefungua mdomo. Nyota tatu nimezifuta, nawapa moja, na hiyo ni ya taa.

Nilipokwenda kudai, mwenye duka akanipa rimoti ya ziada kama zawadi. Rimoti! Nimemwachia juu ya kaunta. Mtoto hata pole hakupewa. Pesa ya ufundi bado sijarudishiwa, na simu zangu siku hizi hazipokelewi.